Dondoo Muhimu: Kutoka Kimironko Hadi Nyika ya Akagera

Msafiri aliyeazimu kuizuru nyika ya mashariki ya Rwanda, ambako machimbo ya bati yamejirani na makazi ya simba, na ayatie maanani haya:

• Masurufu. Nunua ndizi mbivu na maparachichi sokoni Kimironko jioni ya kuamkia safari, nawe uchukue kikapu chako, kwa kuwa mifuko ya plastiki imeharimishwa nchini tangu 2008.

• Njia. Ufikapo Kabarondo, iache barabara kuu ushike ya Rwinkwavu, uyatazame makovu ya vilima vilivyochimbwa bati tangu zama za Wabelgiji.

• Tarehe. Hifadhi ya Akagera iliasisiwa 1934. Mwaka 1997 ikapunguzwa hadi takriban kilomita za mraba 1,122, ili wakimbizi waliorejea wapate ardhi. Simba wakarudishwa 2015, na faru weusi 2017.

• Majira. Juni hadi Septemba ndiyo miezi bora, maana kiangazi huyakausha majani, na wanyama aghalabu hukusanyika kandokando ya maziwa.

• Mavazi. Jihadhari na nguo nyeusi na za buluu, kwani rangi hizo huwavuta mbung'o, ambao kuuma kwao si mzaha.