Somo la Afya: Anayemhudumia Mgonjwa Naye Achanjwe



Katika somo la mwezi huu tutazungumza juu ya homa ya mafua, na hasa juu ya mtu ambaye hatumkumbuki tukitaja chanjo. Tumezoea kusema chanjo ni ya mtoto mchanga na mama mjamzito. Muuguzi je? Mfagiaji wa wodi je? Na yule mama wa kikundi anayetoka nyumba hii ya mgonjwa akiingia nyumba ile, yeye je?

Mfano wetu tumeutoa mbali, huko Marekani, katika hospitali kubwa zilizo chini ya vyuo vikuu, pahali ambapo madaktari wanasomeshwa na wagonjwa wanatibiwa pamoja. Hospitali ya namna hiyo ni kama mji mzima, ina maelfu ya wafanyakazi. Nyingi zina gazeti dogo la wafanyakazi, kama vile sisi tuna hili letu. Ndani yake utasoma nani amestaafu, nani amepandishwa cheo, nani amepewa zawadi kwa kazi nzuri. Na kila mwaka, kabla baridi yao kali haijaingia, linatokea tangazo katika kurasa hizo hizo: sindano ya mafua imefika, itatolewa siku fulani, pahali fulani, na mfanyakazi halipi kitu. Tangazo hilo haliwekwi kando kama jambo la madaktari peke yao. Linakaa katikati ya habari za watu, mpishi na daktari wanalisoma pamoja.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Hapa kwetu mtu akipiga chafya tunasema "ni mafua tu". Lakini kuna mafua ya kawaida, yale ya pua kutoka maji, na kuna homa ya mafua yenyewe, inayokuja ghafla na joto kali, kichwa kugonga, viungo kuuma na kikohozi kikavu, mpaka mtu mzima mwenye nguvu anashindwa kuinuka kitandani. Zote zinaletwa na virusi, lakini si virusi vya aina moja. Homa hii ndiyo iliyoua mamilioni ya watu duniani mwaka 1918 na 1919, na nchi yetu haikuachwa. Mtu mwenye afya kwa kawaida hupona baada ya wiki moja au mbili. Hatari kubwa iko kwa wazee, watoto wadogo, akina mama wajawazito, na wale walio na pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au virusi vya UKIMWI. Kwa hao homa inaweza kugeuka kuwa nimonia.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu aliyeambukizwa anaweza kuwaambukiza wengine siku moja kabla yeye mwenyewe hajahisi chochote. Yaani muuguzi anaingia kazini asubuhi akiwa mzima kabisa, anamgeuza mzee kitandani, anamnywesha uji, anamshika mtoto mkono, na tayari anawaachia ugonjwa. Hana kosa lolote, hakujua. Ndiyo sababu haitoshi kumwambia mfanyakazi, "Ukiugua kaa nyumbani."

Huko Glasgow, Scotland, watafiti walilipima jambo hili katika hospitali 20 za wazee, na matokeo yakatolewa mwaka 2000. Katika nusu ya hospitali hizo wafanyakazi walipewa nafasi ya kuchanjwa, na karibu nusu yao wakakubali. Katika zile nyingine ni wachache sana waliochanjwa. Majira ya baridi yalipokwisha, kati ya wazee 100 walikuwa wamekufa kama 14 pale penye wafanyakazi waliochanjwa, na kama 22 kule kwingine. Lakini tusikimbie na hesabu hiyo. Wataalamu wengine wamesema tofauti hiyo ni kubwa mno kuwa kazi ya chanjo peke yake, na wamekuwa wakibishana juu yake tangu wakati huo. Sisi tunaona hata kama ni sehemu tu ya tofauti hiyo, bado ni wazee wa watu.

Jambo la kujiuliza sasa ni hili: unawafanyaje maelfu ya wafanyakazi wenye shughuli nyingi wachanjwe? Hapa ndipo kikundi kinaweza kujifunza zaidi. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville katika jimbo la Tennessee, mwezi wa Oktoba 2011 ilisimamisha hema kubwa na kuwaita watu wote waje siku moja. Kwa muda wa saa nane zilitolewa sindano 12,850, na kitabu cha Guinness kikaiandika kuwa rekodi ya dunia. Piga hesabu: ni zaidi ya sindano 1,600 kila saa. Walifanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni chanjo yenyewe. Ya pili ilikuwa mazoezi, ili ugonjwa mbaya ukitokea siku moja, wawe wanajua jinsi ya kuchanja watu wengi kwa haraka.

Mtu atasema hizo ni pesa za Wamarekani. Ni kweli wanazo. Lakini hebu angalieni ndani ya hilo hema: sindano imepelekwa pale watu walipo, siku inajulikana mapema, foleni inasonga, mtu hapotezi siku nzima ya kazi. Wengi wetu hatuikatai chanjo. Tunachokataa ni kupanda matatu, kukaa benchi mpaka saa nane mchana, halafu kuambiwa dawa imekwisha.

Kuna hospitali nyingine zilizochukua njia ngumu zaidi. Virginia Mason, huko Seattle, si ya chuo kikuu, lakini mfano wake ulisomwa na hospitali nyingi. Kwa miaka ya nyuma walikuwa wakiwabembeleza wafanyakazi na kufikia kama nusu tu. Mwaka 2005 wakatoa amri: kila mfanyakazi achanjwe, isipokuwa mwenye sababu ya kiafya au ya imani. Mwaka huo wa kwanza walifikia asilimia 97.6. Hata hivyo chama cha wauguzi kilipinga, kikapeleka jambo hilo kwa mwamuzi, kikashinda huko na baadaye kortini pia, kwa maana mwajiri hakuwa amekaa nao chini kwanza. Basi wauguzi wasiotaka sindano wakatakiwa kufunika mdomo na pua kwa barakoa. Sisi katika ofisi tumelizungumza sana jambo hili na hatukubaliani wote. Mwenzetu mmoja husema mgonjwa hakuchagua nani amguse, kwa hiyo amri ni haki. Wengine tunaona kwamba mtu aliyesikilizwa kwanza hurudi mwaka ujao mwenyewe, bila kusukumwa.

Maswali mawili yanatufikia kila tukifundisha. La kwanza: sindano yenyewe inaleta mafua? Hapana. Ile ya kudungwa haina virusi hai. Mkono unaweza kuuma na mwili kuwa na joto kidogo siku moja au mbili. Tena chanjo inachukua kama wiki mbili kuupa mwili kinga, hivyo aliyepata virusi kabla ya hapo ataugua na kuilaumu sindano bure. La pili: kwa nini kila mwaka? Kwa sababu virusi hivi hubadilika-badilika kama mwizi anayebadilisha koti, na kinga ya mwili nayo hupungua. Shirika la Afya Duniani hukutana Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini na Septemba kwa ajili ya nchi za kusini, kuchagua aina zitakazowekwa katika chanjo. Wakati mwingine uchaguzi haulingani vizuri na ugonjwa unaokuja. Mwaka ule unaolingana, chanjo hupunguza hatari ya mtu kuugua mpaka kuhitaji daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Si ukuta, ni ua. Mbuzi wengine watapita.

Hapa kwetu sindano ya mafua si kama ile ya surua, haipatikani katika kila zahanati, na mara nyingi italipiwa. Kikundi chenye wahudumu wanaotembelea wagonjwa nyumbani kiulize bei katika hospitali ya karibu, na mweka hazina alete hesabu mkutanoni. Ikiwa pesa hazitoshi wote, tungeanza na wale wanaoingia nyumba nyingi. Wakati huo huo, mwenye kikohozi asiende kumwona mgonjwa wala kubeba mtoto mchanga wa mwenzake, hata kama zamu ni yake. Apatikane mwingine. Tunanawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mgonjwa na baada. Dirisha linafunguliwa. Na mtoto akianza kupumua kwa haraka, kifua kikiingia ndani, au akishindwa kunyonya, msingoje asubuhi, apelekwe hospitalini.

Maswali ya kuzungumza kikundini: Ni nani katika kikundi chetu anaingia nyumba nyingi za wagonjwa, na mara ya mwisho alichanjwa lini, chanjo yoyote? Mwenzetu akikataa sindano, tumfanyeje ili abaki mwenzetu na mgonjwa abaki salama? Je, muuguzi wa zahanati anaweza kuja na kikasha chake cha baridi siku ya mkutano wetu, badala ya sisi kumfuata mmoja mmoja? Hili la mwisho lisibaki maneno tu. Katibu aandike tarehe mbili zinazofaa, na mwenyekiti azipeleke kwa muuguzi kabla ya mkutano ujao.