Pima Kabla ya Kutuma

Somo la wiki. Soma: Matendo 17:10-12, 2 Wafalme 20:1-7



Julai 2025, wakati wa kampeni ya chanjo ya ukambi, rubela na homa ya matumbo (tarehe 5 hadi 14), mama mmoja wa kanisa hili alinisimamisha langoni baada ya ibada. "Pasta, niwapeleke watoto ama nisiwapeleke? Kwa simu wanasema hiyo dawa ni ya kupunguza watu." Alitaka neno moja tu, ndiyo ama la. Mimi nikakumbuka kitu ambacho nimetamani sana kusahau.

Mwaka wa 2021, chanjo za korona zilipofika nchini mwezi wa tatu, nilitumiwa video ya mtu amevaa koti jeupe akieleza ubaya wake. Jina lake sikulijua, wala alikosomea. Niliituma kwa kikundi cha WhatsApp cha ushirika wetu na kuongeza, "Tuombe sana." Mzee wetu mmoja akajibu, "Asante Pasta, nilikuwa nimepanga kwenda." Hakwenda. Miezi michache baadaye alilazwa, akawekwa kwa oksijeni siku tisa. Mungu alimrudisha, lakini mpaka leo akipanda ngazi hupumzika katikati. Siwezi kuapa kwamba chanjo ingemkinga. Najua tu kwamba hakwenda kwa sababu yangu. Hajawahi kunilaumu, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Na mimi nilisomea biashara! Kwa chama chetu mweka hazina akisema tu "pesa iko", hakuna anayepiga makofi. Tunaitisha risiti, tunaitisha taarifa ya benki. Lakini video ya mtu tusiyemjua tunaimeza bila kutafuna.

Tena si kwamba sisi watu wa Gitothua tunachukia sayansi. Tunaipenda sana. Kila asubuhi simu inaleta "wanasayansi wamegundua": leo kitunguu saumu, kesho mbegu za papai. Tunaipenda ikitushangaza. Ile kazi yake ya kuchosha, ya kuhesabu na kulinganisha na kukubali kwamba ulikosea, hiyo hatuifuatilii.

Chukua homa ya matumbo. Inaletwa na bakteria wanaoingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa, na hapa kwetu wengi tunanunua maji ya mkokoteni bila kuuliza yametoka kisima gani. Kabla chanjo hii kuletwa kwetu, ilijaribiwa Blantyre, Malawi, kwa watoto zaidi ya 28,000. Waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa hiyo, wengine wakapewa chanjo ya ugonjwa tofauti, na wazazi hawakuambiwa mtoto wao amepata gani. Kisha wakafuatiliwa kwa miaka, na kila aliyeugua akahesabiwa. Chanjo ilizuia karibu visa 8 kwa kila 10. Si vyote 10. Mimi namwamini zaidi mtu anayeniambia nane. Hiyo sasa ndiyo risiti.

Je, ina madhara? Ndiyo: mkono kuuma, joto kidogo kwa siku moja ama mbili. Makubwa ni nadra sana, na ndiyo maana muuguzi hukuambia ukae kidogo kliniki baada ya sindano.

Wale watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, mtume, na bado wakarudi kuchunguza kama anayosema ni kweli. Biblia haiwaiti wasioamini, inawasifu. Naye Hezekia alikuwa ameshaahidiwa na Mungu miaka kumi na mitano zaidi, lakini Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwepo, na tini zikatumika.

Kuna ushuhuda mmoja ninaupenda. Oktoba 1977, mji wa Merca, Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin alipata ndui. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa uchungu wa sindano. Akapona, na duniani kote ndiye mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Baadaye alizunguka akiwasimulia wazazi wenzake woga wake huo, ili wakubali watoto wapewe chanjo ya polio. Alikufa kwa malaria mwaka wa 2013, akiwa bado kwa kazi hiyo.

Basi yule mama sikumpa ndiyo wala la. Tulikaa kwa benchi akaandika maswali yake yote, sita, na Jumatatu tukaenda nayo kwa muuguzi. Mengine yalijibiwa haraka. Lile la uzazi lilichukua muda, akaeleza pole pole. Mama akaamua mwenyewe. Mdogo alilia sana, mkubwa akajikaza.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii, kila mmoja alete ujumbe mmoja wa afya aliowahi kuwatumia wengine, tuutafutie risiti pamoja. Walio na watoto waje na kitabu cha kliniki tuangalie kama kuna dozi iliyorukwa.

Kwa mzee wetu nilishaenda nyumbani nikaomba msamaha. Alinipikia chai. Kwa kile kikundi bado sijaandika chochote. Nitaandika kabla ya Jumapili.