Kufunga Bampa ya Chuma

Motokaa iendayo mjini katika barabara ya lami yatosheka na bampa iliyotoka nayo kiwandani. Bampa hiyo aghalabu ni nyepesi. Katika magari mengi ya siku hizi sehemu ionekanayo kwa nje ni plastiki tupu, na nyuma yake mna chuma kilichofungwa juu ya vipande vilivyofanywa makusudi vikunjike. Motokaa ikigonga kitu, vipande hivyo hukunjika kwanza, na katika kukunjika hupunguza nguvu ya kishindo kabla haijawafikia walio ndani. Kwa hiyo wepesi wake si ubahili wa kiwanda, kama wadhaniavyo wengi.

Lakini yako magari ambayo kazi yake ni porini. Katika nchi ya Australia kangaruu huruka barabarani usiku, na ng'ombe hutangatanga pasipo mchungaji. Huko, katika mji wa Melbourne, mtu mmoja jina lake Anthony Ronald Brown alianzisha mwaka wa 1975 kazi ya kufanya bampa nzito za chuma, na kazi hiyo ikaitwa kwa herufi za kwanza za jina lake, ARB. Bampa za namna hiyo zimeenea hata Afrika ya Mashariki, hasa juu ya Land Cruiser za mtindo wa 70, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka wa 1984, na ambazo huonekana sana katika mbuga za wanyama na njia mbovu.

Bampa ya chuma hulinda rejeta na taa. Ncha zake zimepandishwa juu, hata gari likifika penye kilima au ukingo wa mto, gurudumu hugusa ardhi kabla ya bampa. Tena bampa nzuri ina pete za kufungia kamba ya kuvutia. Hasara zake pia zipo. Uzito wake huweza kupita kilo 50, nao wote umekaa mbele ya magurudumu. Na kila mchukuzi ajua ya kuwa mzigo uliofungwa kwenye ncha ya mpiko humwelemea kuliko ule ulio karibu na bega. Kwa hiyo springi za mbele hulala. Zaidi ya hayo, mtu aendaye kwa miguu akigongwa na chuma kile huumia vibaya kuliko akigongwa na plastiki. Asiyeingia porini hana haja nayo.

Katika karakana moja, mwenye gari alileta bampa mpya pamoja na mfuko wa boliti. Alitaka kazi iishe siku ile ile, maana alfajiri alikuwa na safari, na mvua zilikuwa zimekwisha kuanza. Fundi aliipokea, lakini kabla ya kushika spana alisoma karatasi ya watengenezaji tangu mwanzo hata mwisho. Gari lile lilikuwa na mifuko ya hewa, ile ifumukayo mbele ya dereva katika ajali. Mifuko hiyo hungoja habari ya kishindo, na bampa isiyofanywa kwa ajili ya gari lenye mifuko yaweza kuipotosha habari ile, ikafika kabla au baada ya wakati wake. Alipoona imeandikwa kwamba bampa hiyo yafaa, ndipo alipomwambia mwanagenzi wake afungue waya wa hasi wa betri.

Waliondoa bampa ya zamani, wakazitia alama nyaya za taa zisije zikachanganyika. Kisha fundi alisugua ncha mbili za chesisi kwa brashi ya waya, akazitazama kwa taa, akitafuta kutu na ufa. Kwa maana bampa imara juu ya chesisi iliyooza ni kama mlango mpya katika ukuta wa tope.

Bampa mpya ilipandishwa juu ya jeki, watu wawili wakiishika huku na huku. Mwanagenzi alitia boliti ya kwanza, akaikaza kwa nguvu zake zote. Alipofika upande wa pili, matundu hayakukutana. Akaomba nyundo.

"Legeza, mwanangu," fundi akasema. "Boliti zote zitiwe kwa mkono kwanza. Bampa ikikaa sawa, ndipo tutakaza."

Alilegeza, na matundu yakakutana pasipo nyundo. Fundi akapima nafasi baina ya bampa na bodi kwa kidole, kulia na kushoto. Nafasi hiyo si urembo. Bodi ya gari lile imekaa juu ya mipira, nayo huchezacheza njiani, lakini bampa imefungwa kwenye chesisi. Vikigusana, rangi hukwaruzika na bodi hubonyea.

Ndipo fundi alipoitazama mifuko ya boliti zilizobaki. Boliti sita zilikuwa za unene wa milimita 12, na juu ya vichwa vyao pamechongwa 8.8. Nne zilikuwa za milimita 8, na vichwa vyao vitupu. Muuzaji alikuwa amepoteza baadhi ya boliti za asili, akajaliza kwa alizokuwa nazo.

"Tia hizo hizo, fundi," mwenye gari akasema. "Bampa yenyewe nzito hivi, itakwenda wapi?"

Fundi hakubishana naye. Alimpa mwanagenzi chaki, akamwamuru apige hesabu sakafuni. Alama ya 8.8 maana yake ni kwamba kila milimita mraba ya chuma kile yaweza kuvutwa kwa nguvu ya kama kilo 80 kabla ya kukatika. Boliti ya milimita 12, ikiisha kuchongwa nyuzi, hubakiwa na milimita mraba 84 hivi. Kijana akaandika: 80 mara 84 ni 6,720, yaani zaidi ya tani sita. Boliti ya milimita 8 hubakiwa na milimita mraba 36 tu. Akaandika tena: 80 mara 36 ni 2,880, hata tani tatu haifiki.

"Na hiyo," fundi akasema, "ni kama chuma chake ni kizuri. Hizi hazina alama, nani ajuaye? Bwana, gari lako likinasa katika tope na mzigo wake, wavutaji watafunga kamba katika pete za bampa hii. Tope hushika kuliko uzito wa gari. Boliti zikikatika, kamba ile itarusha chuma kama jiwe la teo, na mbele yake watakuwa wamesimama watu. Wamekwisha kufa watu kwa jambo hilo."

Mwenye gari aliyatazama maandishi ya chaki kwa kitambo. Safari ikaahirishwa siku moja.

Kesho yake boliti nne zilipatikana, za unene ule ule na alama ile ile. Mwanagenzi alizikaza moja ya kulia, moja ya kushoto, kidogo kidogo, na mwisho kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kadiri iliyoandikwa katika karatasi. Taa zilielekezwa upya mbele ya ukuta, maana pua ya gari ilikuwa imelala kidogo. Kisha fundi alichukua rangi nyeupe, akapiga mstari mmoja juu ya kila nati hata kwenye chuma cha kando yake.

Gari lilirudi baada ya majuma mawili, limejaa tope hata madirishani. Fundi alilala chini yake, akapangusa boliti moja moja kwa kitambaa. Mistari tisa ilikuwa mizima. Wa kumi ulikuwa umeachana, unene wa punje ya mchele. Akatoka, akampa mwanagenzi spana.