Mtoto Akichelewa Kukaa, Sheria Haisemi Subiri

Kwenye kliniki za watoto za Mbagala, Tandika au Bunju, jijini Dar es Salaam, mambo huenda mbio. Mtoto anavalishwa mfuko wa mizani, uzito unasomwa, nesi anatia nukta kwenye kadi, chanjo kama ipo anachomwa, haya, mwingine. Nukta ikiangukia kwenye kijani, mama anaambiwa mtoto anaendelea vizuri. Akisema mwanawe ana miezi kumi na moja na bado hakai, jibu mara nyingi ni lile lile: "Usijali mama, wengine huchelewa, atakua tu." Akirudi nyumbani, bibi anakumbusha kwamba hata baba yake alichelewa kutembea.

Huenda ni kweli. Ila kisheria mzazi halazimiki kuishia kwenye "atakua tu".

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, kinampa mtoto mwenye ulemavu haki ya uangalizi maalumu, matibabu, huduma za utengamao zenye gharama nafuu, na fursa sawa ya elimu. Utengamao ndiyo yale mazoezi, vifaa saidizi na mafunzo ya kumwezesha mtoto kukaa, kutembea, kula au kuwasiliana. Na kwa kuwa mtoto kwa sheria hii ni yeyote aliye chini ya miaka 18, haki hizo zinaanza siku anapozaliwa. Wengi wetu tunadhani habari ya mtoto mwenye ulemavu inaanza siku ya kuandikishwa shule. La. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka tatizo litambuliwe mapema na utengamao uanze mapema iwezekanavyo.

Kwa nini haraka hiyo? Chukua mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Akipelekwa akiwa na wiki chache, hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida wiki tano mpaka saba, kisha huvaa viatu maalumu, baadaye usiku tu, mpaka karibu miaka minne. Akicheleweshwa miaka, huenda akahitaji upasuaji mkubwa. Mtoto asiyesikia naye kila mwaka unaopita bila msaada ni mwaka wa lugha uliopotea, iwe ya mdomo au ya alama. Basi mtoto ambaye hajakaa bila kushikwa akifika miezi tisa, hajatembea akifika mwaka mmoja na nusu, hageuki akiitwa, au alianza kutamka maneno kisha akaacha, apelekwe kupimwa. Kupima hakumpi mtoto ulemavu.

Niseme wazi, sheria ina mwanya. Kuna maneno "pale inapowezekana" katika kifungu hicho, na ofisi nyingi zimejificha nyuma yake. Ndiyo maana silaha ya mzazi ni karatasi. Ukiwa kliniki, usiridhike na jibu la mdomo. Sema kwa heshima: "Nesi, naomba uandike kwenye kadi kwamba nimeeleza mtoto hajakaa, na naomba rufaa." Zahanati hukupeleka kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo ni Temeke kwa watu wa Temeke na Mwananyamala kwa wa Kinondoni, na kutoka hapo Muhimbili. Hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani nayo ina huduma za utengamao kwa watoto. Kutoka Chamazi mpaka Msasani na mtoto wa miaka minne mgongoni ni safari ya kuunganisha daladala, na hakuna kifungu kinacholipa nauli. Hilo ni pengo la kweli, na madiwani waulizwe.

Kuhusu fedha, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasamehe malipo ya huduma kwa watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya Serikali. Ukidaiwa, usiondoke kimyakimya. Ulizia Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali hiyo, maana yeye ndiye anayeshughulikia msamaha.

Ukizungushwa, andika barua kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au manispaa yako. Nusu ukurasa inatosha: "Mimi ni mzazi wa mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, hawezi kukaa. Kwa mujibu wa kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya 2009, naomba ofisi yako inisaidie apate huduma ya utengamao." Taja pia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, kwa kuwa manispaa ni miongoni mwa watekelezaji wake. Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala yenye muhuri ndiyo itakayokusemea mbele ya mkurugenzi wa manispaa.

Kuna kina baba ambao daktari akishatamka "mtindio wa ubongo" au "usonji", wanahama nyumba, wengine wakisema ukoo wao hauna watoto wa namna hiyo. Sheria haijali maneno ya ukoo, wala kama mlifunga ndoa. Mama, au Afisa Ustawi kwa niaba ya mtoto, anaweza kuomba amri ya matunzo kwenye Mahakama ya Watoto. Ipo Kisutu, na mahakama za mwanzo nyingi zimepewa mamlaka ya kukaa kama mahakama za watoto. Beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na stakabadhi za matibabu.

Ukiona mtoto wa jirani anafungiwa chumbani, usiseme hayakuhusu. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinakutaka utoe taarifa serikali za mitaa, nayo ofisi ya ustawi inaweza kumwita mhusika na, akikaidi, kwenda mahakamani. Kukiuka haki hizi za mtoto kunaweza kuleta faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Binafsi ningeanza kwa kuzungumza na mama huyo. Mara nyingi anamfungia kwa sababu anakwenda kuuza vitumbua na hana wa kumwachia.

Ushauri wa kisheria unapatikana bure. Msaada wa kisheria unasimamiwa na sheria ya mwaka 2017, na Kinondoni kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake. Usipoweza kufika, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haikati salio.