Jua Haki Zako: Unafuu wa Sola Hudaiwa Kabla ya Kulipa

Mwenye nyumba anayetaka kuweka sola huuliza kwanza serikali itamchangia kiasi gani. Kwa Kenya jibu ni fupi: mkononi mwako haitatia kitu. Hakuna fomu utakayojaza ili urudishiwe sehemu ya bei ya paneli, wala punguzo la kodi ya mapato utakalodai mwisho wa mwaka kwa sababu umefunga inveta katika nyumba unayoishi. Hata hivyo sheria imeweka unafuu wa aina kadhaa, na ukiujumlisha ni pesa nzito. Tatizo ni njia unayopitia. Msamaha wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, huanzia kwa mwagizaji, ruzuku ya maeneo yaliyo mbali na gridi hulipwa kampuni, na stima ya ziada inayotoka paani kwako huhesabiwa na msambazaji. Kila unafuu hupita mikononi mwa mtu mwingine kabla ya kukufikia, na mtu huyo akitaka anaweza kuumega njiani. Kwa hiyo nguvu yako ni kubwa zaidi kabla hujalipa, wakati bado unaweza kudai bei iliyochanganuliwa, ankara halali na mkataba ulioandikwa. Ukishalipa bila karatasi, haki inabaki kuwa yako, lakini kuithibitisha ni kazi nyingine.

Tuanze na kodi, kwa kuwa ndiko kwenye pesa nyingi. Kiwango cha kawaida cha VAT nchini ni asilimia 16. Jedwali la Kwanza la Sheria ya VAT ya mwaka 2013 huorodhesha bidhaa na huduma zilizosamehewa, na Sheria ya Fedha ya 2021 ilirudisha humo vifaa maalumu vya kuzalisha umeme wa jua na upepo, ikataja wazi paneli, vidhibiti vya chaji, inveta na betri zinazohifadhi nguvu ya jua. Soma kilichotajwa, kisha uangalie kisichotajwa. Kazi ya fundi haimo. Televisheni haimo, hata ikiuzwa kifurushi kimoja na paneli. Nyaya za kawaida, swichi na soketi hazigeuki vifaa vya sola kwa sababu zimefungwa siku moja na paneli. Msamaha unafuata kifaa chenyewe, na ndiyo maana bei ya jumla iliyoandikwa kwa mstari mmoja ni adui wa mnunuzi.

Hesabu inaonyesha vizuri zaidi. Tuseme umepewa kadirio la bei kabla ya kodi la shilingi 400,000: paneli, inveta na betri ni 300,000, nyaya na swichi ni 40,000, na kazi ya fundi ni 60,000. Muuzaji aliyesajiliwa kwa VAT ana haki ya kutoza asilimia 16 ya zile 100,000 zisizo na msamaha, yaani shilingi 16,000. Akiipiga asilimia hiyo kwenye jumla yote, utalipa 64,000, na shilingi 48,000 kati ya hizo hazikukupasa. Kadirio linalosema tu “mfumo kamili wa sola” haliwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Dai kila kifaa kiwe na mstari wake, kisha ulinganishe na ankara utakayopewa ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Katika ankara hizo kila bidhaa hubeba herufi ya kodi: A ni iliyosamehewa, B ni ya asilimia 16, C ni ya kiwango cha sifuri. Ukiona B pembeni ya paneli, simamisha malipo na uulize. Kumbuka pia kwamba biashara inayolazimika kusajiliwa kwa VAT ni yenye mauzo yanayotozwa kodi ya shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka. Fundi ambaye hajasajiliwa hana ruhusa ya kukutoza VAT hata shilingi moja, hata kwa kazi yake.

Hapa msomaji makini atapinga: muuzaji akitaka, si ataufuta mstari wa VAT kisha apandishe bei ya paneli kwa kiasi kile kile? Anaweza, na sheria ya kodi haimpangii bei. Zaidi ya hayo, msamaha wenyewe una kasoro ambayo wauzaji hawapendi kuieleza. Mwenye kuuza bidhaa iliyosamehewa hawezi kudai arudishiwe VAT aliyolipa kwenye kodi ya duka, matangazo na usafirishaji kwa ajili ya bidhaa hiyo, kwa hiyo gharama hiyo hujificha ndani ya bei. Ndiyo maana msamaha wa asilimia 16 haumaanishi kwamba sola itakuwa rahisi kwa asilimia 16. Lakini pingamizi hili linazidi kuipa uzito hoja ya karatasi. Bei ikichanganuliwa, unaweza kuweka makadirio ya maduka matatu kando kando na kuona nani amepandisha wapi. Bei ikiwa donge moja, unalinganisha majina ya maduka tu. Ushindani ndio unaoulazimisha msamaha ushuke hadi kwako, na ushindani haufanyi kazi pale ambapo mnunuzi haoni anachonunua.

Pingamizi la pili ni kwamba sheria hizi hazitulii. Ni kweli. Sheria ya VAT ilipoanza kutumika Septemba 2013, vifaa vya sola vilianza kutozwa kodi; mwaka 2014 vikasamehewa. Katikati ya 2020 msamaha ukaondolewa na kodi ikarudi kwa asilimia 14, kiwango kilichokuwa kimeshushwa wakati wa Covid, na kufikia Januari 2021 ikawa 16. Julai mwaka huo huo msamaha ukarejea. Wengine huona hapo sababu ya kukata tamaa, lakini mnunuzi anapata humo mafunzo mawili. Kwanza, asitegemee alichoambiwa na jirani aliyenunua mwaka juzi. Asome Jedwali lilivyo siku anayonunua, kwa kuwa kila mwaka wa fedha unaweza kulibadilisha. Pili, siku yenyewe ina maana ya kisheria. Kwa VAT, mauzo huhesabiwa kufanyika pale jambo la kwanza kati ya haya linapotokea: bidhaa kukabidhiwa, ankara kutolewa, au malipo kupokewa, yote au sehemu. Ukitanguliza arbuni mwezi Juni na kodi ikabadilika Julai, risiti ya arbuni yenye tarehe ndiyo itakayoamua sehemu hiyo ya malipo inafuata sheria ipi.

Je, ruzuku? Ipo, ila si ya kila mtu, na haitolewi nyumba kwa nyumba. Mradi wa KOSAP, unaogharimiwa na Benki ya Dunia, ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma na gridi, kuanzia Turkana na Mandera hadi Lamu, Tana River na Kwale. Kwa sola za majumbani, fedha hizo hulipwa kampuni kulingana na matokeo, ili zifikishe huduma mahali ambapo biashara pekee isingezipeleka. Mwananchi anafaidi kwa kupata bei au huduma ambayo asingeipata. Kwa hiyo anayekupigia simu akitaka ada ya usajili ili “ruzuku yako ya sola” itolewe, anaeleza utaratibu usiofanana na huu. Usitume pesa. Wenye ndugu ng'ambo nao husikia habari za marejesho na kudhani yanawahusu. Marekani ilikuwa na nafuu ya kodi ya asilimia 30 ya gharama kwa mwenye nyumba, lakini sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliikomesha kwa matumizi ya baada ya Desemba 31 mwaka huo. Afrika Kusini ilitoa asilimia 25 ya bei ya paneli mpya, isiyozidi randi 15,000, kwa paneli zilizoanza kutumika kati ya Machi 2023 na Februari 2024 tu, na bila cheti cha usalama wa umeme hukupata kitu. Hata huko kwenye marejesho, asiyekuwa na karatasi aliachwa nje.

Unafuu wa tatu uko kwenye mita. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 haikulazimishi kuomba leseni ya kuzalisha umeme kwa matumizi yako mwenyewe ikiwa mtambo hauzidi megawati moja, kiasi ambacho hakuna nyumba ya kawaida itakayokifikia. Kifungu cha 162 kinakwenda mbali zaidi: mwenye mtambo usiozidi kiwango hicho anaweza kuomba mkataba na msambazaji ili umeme unaomzidia uingie kwenye gridi na ahesabiwe. Kanuni za utekelezaji zilitoka mwaka 2024, na zinasema kila uniti unayopeleka inakupa nusu uniti ya salio. Ukipeleka uniti 200 kwa mwezi, unahesabiwa 100; ukichukua 150 usiku, unalipia 50. Salio linasogezwa mwezi hadi mwezi, lakini haligeuzwi kuwa pesa, na lisilotumika hufutwa mwisho wa mwaka wa fedha.

Wengi wanaiita nusu hiyo wizi wa mchana. Msambazaji ana utetezi: nguzo, transfoma na laini zinazokupa stima usiku zina gharama, na mwenye sola anayezitumia kama ghala bila kulipia humwachia mzigo jirani asiyeweza kununua paneli. Utetezi huo una uzito, ingawa hauthibitishi kwamba kiwango sahihi ni nusu kamili wala kwamba salio lazima life. Hayo ni mambo ya kupelekwa kwenye maoni ya umma kanuni zinapopitiwa. Kwa anayenunua leo, fundisho ni la mfukoni: uniti unayoitumia mwenyewe saa saba mchana inakuokolea uniti nzima, ile unayoipeleka kwenye gridi inakuokolea nusu. Basi nunua mfumo unaotosha matumizi yako, na umkatae muuzaji anayekuongezea paneli kwa ahadi kwamba Kenya Power, yaani msambazaji, “itazilipa”. Usikubali pia mfumo wako uunganishwe kwenye laini bila mkataba. Umeme unaorudi kwenye nyaya wakati stima imepotea unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo, na ndiyo sababu inveta ya gridi isiyo na betri hujizima stima ikikatika. Aliyekuuzia mfumo wa namna hiyo kwa maneno kwamba hutakaa gizani tena amekudanganya.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kuliko yote: haya ni mambo ya wenye laki nne, ilhali wananchi wengi hununua paneli moja na betri kwa fundi wa mtaani, au huchukua sola ya lipa pole pole. Lakini sheria haikuweka kima cha chini cha bei. Ibara ya 46 ya Katiba inampa kila mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, ya maelezo ya kumwezesha kuitumia vizuri, na ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro zake. Kwa lipa pole pole, uliza bei ya taslimu, jumla utakayolipa hadi mwisho, na kinachotokea ukichelewa, kisha utake majibu hayo kwa maandishi. Tofauti ya zile hesabu mbili ndiyo gharama ya mkopo, na inaweza kuupita ule unafuu wote wa kodi. Kwa fundi, uliza leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi; leseni hiyo hutolewa kwa madaraja ya T1, T2 na T3 kulingana na ukubwa wa mfumo. Haina gharama kuuliza, na nambari ya leseni ikiandikwa kwenye risiti inakupa mtu wa kumshtaki endapo betri itaharibika au paa litavuja.

Na ukiwa umeshadanganywa? Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inahesabu maelezo ya uongo kuhusu ubora, bei au manufaa ya bidhaa kuwa mwenendo usio wa haki, na inakuruhusu kuuvunja mkataba uliofungwa kwa njia hiyo. Toa notisi kwa maandishi, ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya mkataba, na ubaki na nakala. Malalamiko kuhusu fundi mwenye leseni yapeleke EPRA. Pesa zenyewe zidai katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ambako unaweza kujisimamia bila wakili na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Hakimu atakuuliza uliahidiwa nini, ulilipa nini na ulipewa nini. Kadirio lililochanganuliwa, ankara ya eTIMS na mkataba wenye nambari ya leseni vinajibu maswali yote matatu, na kuvipata dukani hakukugharimu zaidi ya kukataa kulipa hadi uandikiwe.