Darsa: Wazazi na Chanjo za Watoto

Katika darsa hii twataka kuliangalia jambo ambalo wazazi wa Kisumu, Kendu Bay na ukingo wote wa Ziwa hulizungumza kila ifikapo zamu ya chanjo: je, Muislamu amchanje mwanawe, au amuache na atawakali kwa Mwenyezi Mungu? Maneno ni mengi, na wengi wayasemao hawakuyachungua. Hatukusudii kumlaumu mzazi aliyeingiwa na hofu, kwani hofu juu ya mtoto ni katika huruma. Twakusudia kuzipima hoja kwa mizani mbili: sheria ya dini na elimu ya matabibu.

Hoja ya kwanza: kuchanja ni kuikimbia kadari. Jawabu yake imo katika sira. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham na akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Tena Mtume (s.a.w.) ameamrisha watu wajitibu. Na Sheikh Ibn Baz alipoulizwa juu ya chanjo kabla ya ugonjwa kuingia, aliijuzisha kwa dalili ya hadithi ya tende saba za ajwa, ambazo huliwa asubuhi ili kujikinga na madhara yasiyokuja bado. Basi tawakuli si kuacha sababu. Ajabu ni kuwa baadhi ya wanaoikataa sindano kwa jina la tawakuli humvisha mtoto hirizi shingoni!

Hoja ya pili: ndani ya chanjo mna haramu, au mna njama. Ama haramu, mwaka 2003 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti liliangalia chanjo ya polio ambayo katika kutengenezwa kwake hutumika kitu kitokacho kwa nguruwe. Likajuzisha, kwa kuwa kitu hicho huchujwa hata kisibaki na athari, na kwa kuwa haja ya kuwaokoa watoto na kilema ni kubwa.

Ama njama, tunakumbuka ya mwaka 2014, maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya walipodai kuwa chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ilitiwa kitu cha kuzuia uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Mwaka 2015 maaskofu hao wakataka watu wasiwapeleke watoto kwenye kampeni ya polio. Sisi Waislamu tumeamrishwa katika Suratul Hujurat kuihakikisha habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo haichagui habari: yamlazimu mwenye kutia shaka, na yamlazimu pia mwenye kuchanja, ajibu kwa uwazi aulizwapo.

Hoja ya tatu ni ya hapa kwetu: chanjo ya malaria haifai kitu, kwani aliyechanjwa huugua. Chanjo hiyo, iitwayo RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto katika nchi 7 za Afrika, na Siaya na Kombewa zilikuwa miongoni mwa mahali hapo. Kwa watoto waliopata dozi zote 4, malaria ilipungua kwa asilimia 36 hivi katika muda wa miaka 4. Si kinga kamili, na asemaye ni kamili amedanganya. Katika majaribio hayo homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa. Jambo hilo likafuatiliwa baada ya chanjo kuanza kutolewa mwaka 2019 Malawi, Ghana na Kenya, ambako ilianzia Homa Bay mwezi Septemba, na halikuthibitika. Kilichothibitika ni kuwa vifo vya watoto wa umri huo vilipungua kwa asilimia 13 hivi. Mwenye kuzika watoto ajua uzito wa hesabu hiyo. Chandarua kisiachwe, na dozi ya mwisho isisahauliwe.

Na mwenye kutaka mfano amtazame Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia. Mwaka 1977 alikuwa mpishi wa hospitali, akapatwa na ndui. Naye akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Akapona. Baadaye alizunguka akiwahimiza wazazi wa Somalia wawachanje watoto polio, akiwaeleza yaliyompata, na akafariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Basi twashauri kila msikiti wetu ufanye mkutano wa wazazi, kina baba na kina mama pamoja. Aitwe tabibu aseme faida na madhara, asifiche. Aitwe mwanachuoni aseme hukumu, wala asiingie katika asiyoyajua. Wazazi waulize, wala asichekwe mtu. Kila mmoja aje na kitabu cha kliniki cha mwanawe, ili ijulikane ni chanjo gani imempita.

Mtoto ni amana, na amana haichungwi kwa uvumi. Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na awahifadhi watoto wetu. Amin.