Kulinganisha Shule za Sekondari Msingi Ruiru

Swali: Mzazi aliyehamia Ruiru, kaunti ya Kiambu, alinganisheje shule za umma za sekondari msingi?

Jibu: Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9 katika mtaala wa umilisi wa Kenya, ilianza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, hivyo sifa iliyojengwa enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho mwaka huohuo, haithibitishi kuwapo kwa maabara wala walimu wa sayansi. Kwa kuwa matokeo ya kuingia Gredi ya 10 huchangiwa na tathmini za shuleni kwa asilimia 20, mzazi aulize kwanza idadi ya walimu na masomo waliyosomea. Lango lililopakwa rangi lisimshughulishe.